Nirudi Kama Nani?

Mazimbu, Morogoro
14 Septemba 2024

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Habari za huko mlimani? Goti linaendeleaje na baridi hii? Na yale matone ya macho, unayatia au yamekaa tu juu ya kabati? Mimi ni mzima. Steshenari inakwenda, wanafunzi wanaanza kurudi chuoni mmoja mmoja na siku nzima ni kutoa kopi. Wilfred anamsalimu sana mama mkwe wake. Kamati ya sendoff imekaa kikao cha kwanza, tumekubaliana mniage Jumamosi baada ya Noeli, hapo hapo nyumbani kwetu.

Sasa Mama, nina jambo. Jana Rogers aliposhusha kabichi sokoni nilimfuata kuchukua karoti ulizonitumia. Akanipa karoti, halafu akanipa na pole. Nikamuuliza pole ya nini. Akasema ya mgonjwa wetu. Mgonjwa gani? Akaanza kufunga turubai la Fuso ambalo lilikuwa limeshafungwa. Nilipombana ndipo akasema kuna mama analala chumbani kwangu, amepooza upande mmoja, na anaitwa Mwanahawa.

Mama, akina Mwanahawa ni wengi Morogoro hii. Nimejiambia hivyo tangu jana. Niambie ni mwingine, niambie ni mchuuzi aliyeugulia njiani ukamsitiri. Maana kama ni yule wa Mikese, yule aliyekaa na Baba miaka yote mimi nakua bila baba, sijui nitashika wapi.

Nijibu haraka. Ungekuwa mtu wa simu ningeshakupigia.

Mwanao akupendaye,
Irene


Mgeta
22 Septemba 2024

Kwako mwanangu Irene,

Milele amina. Marahaba mwanangu. Goti linanung'unika asubuhi, jua likitoka linatulia. Macho ndiyo yananikimbia. Naandika kwa mazoea, kwa hiyo mistari ikipanda mlima usinicheke. Simu unajua msimamo wangu, ni ya kutangaza misiba na bei ya kabichi. Jambo kama hili linataka karatasi.

Ni yeye. Ni Mwanahawa wa Mikese.

Ngoja nikueleze. Mwezi wa nane tulikwenda hija Pugu, wanawake wa parokia, basi zima, sare za bluu. Mahubiri ya huko yalikuwa ya yule mtu aliyepigwa na wanyang'anyi akaachwa njiani, na wacha Mungu wakampita. Padri alihubiri mpaka Paskalia jirani yetu akalia. Kurudi, tukaimba tangu Chalinze. Mikese basi likasimama watu wanunue mahindi. Nachungulia dirishani, namwona Mwanahawa amekaa chini kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, mkono mmoja umelala mapajani kama wa mtu mwingine. Nilimjua pale pale. Mara ya mwisho nilimwona kwenye msiba wa baba yako, shemeji zangu wakimfukuza asilisogelee jeneza, mimi nimekaa kwenye mkeka wa mjane natazama.

Nikageuza uso. Nikajisemea ana ndugu zake, ana dini yake, na watu hapa wamejaa. Dereva akawasha gari. Irene, sijui nikuambieje. Nilishtukia niko chini. Sikukaa nikaamua. Konda anapiga ubavu wa basi, wenzangu wanachungulia, wimbo umekatika katikati. Nikamuuliza Mwanahawa siku hizi anakaa wapi. Akasema, "Hapa." Nikamuuliza nani anamlisha. Akanitazama kama nimemtukana, akasema yeye hajaniomba chakula.

Basi tukampakia. Hakuna aliyeimba tena mpaka Morogoro.

Usidhani nampenda. Namnywesha uji huku nimekaza meno. Na yeye si mgonjwa wa kushukuru. Mto mgumu, baridi yetu ya kuua watu, ugali wangu una madonge. Kila jioni nasali, nasema Bwana nakushukuru umenipa nguvu ya kumvumilia huyu leo, na kesho unipe tena. Nimemlaza chumbani kwako kwa kuwa ndicho chenye jua.

Nilikuficha kwa sababu nilijua utashtuka. Hata mimi bado sijatulia.

Mama yako,
Regina


Mazimbu
25 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Mwili wangu ni mzima, hayo mengine usiniulize. Natumaini goti ni zima pia, maana naona unalifanyisha kazi ya kuhudumia watu ambao hawakustahili hata maji yako ya kunawa.

Somo hilo la mtu aliyepigwa njiani mimi mwenyewe nimewafundisha vijana wa parokia hapa. Tulichora hadi mabango. Najua maana yake. Lakini yule mtu aliyepigwa hakuwa amemchukua mume wa yeyote. Kuna kuishi Injili na kuna kujidhalilisha, Mama, na mimi nilidhani wewe unajua mpaka uko wapi. Kwani Mikese hakuna msikiti? Hakuna masista wanaopokea wagonjwa? Mwanamke huyo amekula ujana wako, amekula baba yangu, na sasa anaota jua la dirisha langu.

Paskalia, najua wewe ndiye unayemsomea Mama siku hizi. Isome yote, usimfichie neno.

Sitakanyaga nyumbani yeye akiwa kitandani kwangu.

Mwanao,
Irene


Mgeta
20 Oktoba 2024

Kwako mwanangu Irene,

Tumsifu Yesu Kristo. Mwanangu hujambo? Wilfred naye? Nimekaa kimya kwa sababu ulinikasirikia, na mimi nikakukasirikia, nikaona heri tupoe. Viazi tumevuna. Mvua za vuli zinasuasua. Nguruwe wa sendoff yako wamenona, yule mkubwa hawezi tena kugeuka bandani.

Ninakuandikia nikiwa na fadhaa. Nisikilize mpaka mwisho ndipo unigombeze.

Siku aliyofika, Mwanahawa aliniambia jambo moja bila kulalamika. Nyama ya hapa hatakula kwa kuwa hakuna wa kuchinja, na nguruwe asikaribishwe kwenye sahani yake. Nikasema sawa. Na kweli sijampa nyama. Maharage, ugali, viazi, mboga. Nilijiona mwangalifu kweli kweli. Sasa siku moja nikamkaangia mboga, figiri. Akamaliza sahani, akasema, "Leo umepika." Irene, hilo ndilo lilikuwa neno jema la kwanza kutoka mdomoni mwake. Nikafurahi kuliko nilivyotaka. Kesho yake nikapika vile vile, na keshokutwa. Uso ukaanza kujaa, akawa anajiburuta mwenyewe hadi kibarazani.

Juzi akaniuliza ni mafuta gani hayo, ili akipona anunue ya namna hiyo. Nikanyoosha mkono kuchukua kopo nimwonyeshe. Kopo likiwa mkononi ndipo nikaelewa.

Ni mafuta ya nguruwe. Yale yale tunayochemsha wenyewe, yanayokaa juu ya kichanja cha jikoni tangu hujazaliwa. Sisi huku nyama ni nyama na mafuta ni mafuta, haikunijia hata kidogo. Nimemlisha najisi mwanamke wa Kiislamu, mgonjwa, ndani ya nyumba yangu, naye akanisifu.

Nikamwambia, "Mafuta tu." Nikalirudisha kopo.

Tangu siku ile sina raha. Paskalia anasema ninyamaze, asiyejua hana dhambi. Pengine ni kweli. Lakini sasa nakaanga kwa alizeti, na yeye anasema ladha imepotea, anadhani nimemchoka. Nikimwambia namvunja. Nisipomwambia namdanganya kwa mdomo huu huu ninaosalia. Wewe unaongoza vijana. Niambie wewe ungefanyaje.

Mama yako,
Regina


Mazimbu
24 Oktoba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, Wilfred anasema ametamani hizo figiri.

Mama, nimecheka. Nimecheka mpaka mteja akaondoka bila kuchukua kopi zake. Nilikuwa nimejiandaa kubaki na hasira hadi Kwaresima, na wewe umenitoa machozi ya kicheko. Kumbe wakati wote huu namlilia mama yangu, mama yangu yuko jikoni anamlisha yule mwanamke kitimoto.

Usimwambie. Ya nini? Hukukusudia, na yeye alifurahia, tena akanawiri. Ukimwambia unautua mzigo wako kichwani kwako na kumtwika mgonjwa. Acha ale. Alikula vya wenzake akijua, sasa amekula vingine bila kujua. Mungu ana namna yake ya kuwalisha watu.

Najua nimesema vibaya hapo. Lakini nimeshaandika na sifuti.

Rangi ya sare tumechagua zambarau. Nitumie kipimo cha bega.

Mwanao,
Irene


Mgeta
3 Novemba 2024

Irene mwanangu,

Salamu. Goti na macho ni yale yale, tusiyazungumze leo.

Barua yako ilifika nikiwa nimeshamwambia. Ilikuwa Jumapili, nimetoka misani, kwenye kupeana amani nimewapa watu mkono wote nikajiona mnafiki. Nikarudi, nikaketi mbele yake, nikamweleza habari ya kopo tangu mwanzo.

Akafunika uso kwa ule mkono mmoja. Halafu akauliza, "Ulifanya makusudi?" Nikasema hapana. Akasema, "Apa." Nikamwambia sisi tumekatazwa kuapa, ndiyo yetu inapaswa kutosha. Akaniuliza basi yeye ataniaminije. Nikamwambia anitazame. Irene, alinitazama mpaka nikataka kukimbia. Mwisho akaomba maji ya kusukutua, akasukutua hadi mtungi ukaisha, akalia, nami nikiwa nimeshika beseni.

Tangu hapo hali chochote kilichopita kwenye chombo changu. Anakula ndizi mbivu, na viazi anavyochoma mwenyewe majivuni na maganda yake. Anapungua tena. Siku ya soko nilimfuata Halidi, yule wa mitumba, nikamuuliza dini yao inaoshaje. Akanielekeza, kwa udongo na maji, mara saba, na chungu cha udongo kilichokunywa mafuta nikiweke kando kabisa. Nimezisugua sufuria mtoni hadi kucha zimeliwa. Nguruwe nimewahamishia kwa Paskalia. Kwenye sendoff tutachinja mbuzi, Halidi atachinja, ili kila atakayekuwepo ale.

Na jambo la mwisho, ambalo nilipaswa kukwambia mapema. Barua zako Paskalia hazisomi. Yeye husoma kwa kubabaisha, akifika mstari wa tatu amesahau wa kwanza. Anayenisomea ni Mwanahawa. Tangu ile ya kwanza ya kuuliza ni Mwanahawa yupi. Rogers alimkabidhi yeye kibarazani, nilipokuwa nimemkalisha, nami nikadhani ni mambo ya sendoff, nikasema soma. Alipofika penye jina lake hakusimama. Ya pili nilitaka kumpelekea Paskalia, yeye akasema, "Lete. Kama nimo humo, nijisikie kwa sauti yangu mwenyewe."

Kwa hiyo na hii ya kucheka ameisoma. Pale pa Mungu na namna yake ya kuwalisha watu alisoma, akarudia, kisha akaendelea na rangi ya zambarau.

Mama yako,
Regina


Mazimbu
6 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Nimekaa dukani mlango nimeurudisha, wanafunzi wanagonga.

Kumbe miezi yote namwandikia yeye. Maneno niliyokuandikia wewe, mama yangu, ya ndani kabisa, yalikuwa yanatoka kinywani mwake. Umewezaje kunifanyia hivyo? Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka moto, na sitaki kuiona aibu hiyo mbele ya mtu kama yule. Na nguruwe. Wale nguruwe tuliwanunua pamoja, Mama, wadogo, nikawabeba kwenye gunia. Umewatoa kwa ajili yake bila hata kuniuliza.

Basi nawe unayesoma, soma na hili kwa sauti yako. Ukiwepo kwenye sendoff yangu, mimi sitakuwepo. Mama, chagua.

Irene


Mgeta
24 Novemba 2024

Irene,

Salamu. Mimi ni mzima.

Mwanahawa ameondoka. Barua yako aliisoma hadi jina lako, akasema una mwandiko mzuri. Sikuchagua. Nilimwambia nitakuandikia, anipe muda. Alhamisi nilipokuwa kwenye sala ya jumuiya akamwita Rogers, akapandishwa kwenye Fuso juu ya kabichi, akashuka nalo. Kitanda chako alikitandika kwa mkono mmoja.

Nilidhani nitapumua. Kwa kweli nilipumua, jioni moja.

Chumba ni chako. Karibu nyumbani. Ukiandika tena andika maneno machache, Paskalia anachoka.

Mama yako


Mgeta
8 Desemba 2024

Kwako Mwanahawa,

Shikamoo. Sijawahi kukupa shikamoo, hata siku ile ulipokuja msibani, kwa hiyo kama hutaitikia nitaelewa. Natumaini mkono unapata nafuu. Mimi na Mama ni wazima. Barua hii anakuletea Rogers, amesema anajua uliposhukia.

Nimekuja nyumbani kama nilivyotaka. Nilipanda nikiwa nimenyoosha shingo. Nimemkuta Mama amekaa jikoni, sufuria zote zimepangwa ukutani zinang'aa kama za dukani, na hazipiki. Anapika kwenye kisufuria kimoja cha kuazima. Nikamuuliza kwa nini, akasema zile zinamsubiri mwenyewe. Nikasema mwenyewe nani. Akaongeza kuni. Jana alipakua sahani, akaipeleka hadi mlango wa chumba, akanikuta mimi ndani, akasimama nayo. Hakunisema. Afadhali angenisema.

Jumuiya ilifanyika hapa kwetu. Wakamwomba Mama aongoze sala kama kawaida, akasema leo hana. Watu walishtuka, mimi zaidi. Mama yangu hajawahi kukosa sala.

Nilishinda, na sikujua kushinda kuko hivi. Nakuomba urudi. Mambo niliyoandika yalikuwa makali, na ulilazimika kuyasoma kwa sauti, hilo nikilifikiria nakosa pa kuficha uso. Sisi Wakristo tumeagizwa kuwapenda hata waliotukosea, na mimi nataka nianze kuliishi hilo. Chumba nitakuachia. Nitalala na Mama.

Irene


Mikese
12 Desemba 2024

Kwa Irene,

Marahaba. Nimeitikia, usije ukasema sikuitikia. Mimi nipo. Mkono haujaamka. Nakaa kwenye stoo ya Mwaisha muuza chapati, joto lake ni la kweli, si kama huko kwenu. Mama yako unisalimie, umwambie atie dawa ya macho, anadanganya kwamba anatia.

Barua yako nimeisoma. Nitakujibu kama nilivyokuwa nazisoma, bila kuruka.

Mama yako alinitendea wema ambao ndugu zangu wa tumbo moja hawakunitendea. Alinisafisha. Unajua maana ya kusafishwa na mtu ambaye ulikaa na mume wake? Lakini ukuta wa chumba chako ni mbao. Kila jioni nilimsikia anamshukuru Mungu kwa nguvu ya kunivumilia. Jaribu wewe kulala na hilo. Nikawa nanung'unika makusudi, mto mgumu, ugali una madonge, ili angalau avumilie kitu.

Na sasa wewe unaniandikia kwamba mmeagizwa. Mkishaagizwa mimi nabaki kuwa nini? Mzigo wenu wa kubeba kwenda nao mbinguni. Mimi sitaki kuwa mzigo wa mtu, heri nikae hapa kwa Mwaisha, yeye ananigombeza kama mtu mwenzake.

Nikwambie siku ambayo nilijiona mtu nyumbani kwenu. Ni ile Jumapili ya mafuta. Inaniuma mpaka leo, na chakula kile sijui nitamwambia nini Mola wangu, ingawa najua sikujua. Lakini mama yako angeweza kunyamaza. Wote mlimwambia anyamaze, wewe mwenyewe ulimwandikia. Akaja akaketi mbele yangu, akasema. Siku ile hakuwa ananivumilia. Alikuwa ananiogopa, kama mtu anavyomwogopa mtu aliyemkosea. Ningekula mkononi mwake baada ya siku chache, nilikuwa najivuta tu. Halafu ikaja barua yako.

Kuhusu baba yako, sikumfunga kamba. Lakini nilijua ana mtoto na jina lako nililijua. Hilo sikuombi unisamehe kwenye karatasi.

Umesema nirudi. Sawa. Nirudi kama nani?

Mwanahawa


Mgeta
15 Desemba 2024

Kwako,

Shikamoo. Nafuu ya mkono? Mama anasema dawa anatia. Nimesimama mbele yake nikamwona anatia.

Barua yako nimemsomea Mama, yote. Nilipofika penye ukuta wa mbao nilitamani kuruka, sikuruka. Mama alinyanyuka, akatoka nje, akasimama kwenye matuta ya karoti bila jembe. Aliporudi alisema tu, "Kumbe alikuwa anasikia." Jioni alisali kimya, midomo tu. Leo asubuhi ameniambia nikuandikie kwamba hakuwa na namna nyingine ya kukuchukua nyumbani bila kujitia nguvu, na kwamba ile wiki ya figiri hakuhitaji nguvu yoyote, alisahau hata kuiombea. Anasema yeye mwenyewe hakuligundua hilo hadi ulipoondoka.

Mimi nami nimekaa na swali lako. Nilitaka nikujibu kwa maneno ya kanisani, ninayo mengi, nikaona ndiyo yale yale uliyoyakataa.

Basi nikuambie jambo lililopo. Mshereheshaji wa sendoff amenitumia ratiba niijaze majina. Kuna mahali pa mama mdogo wa bibi harusi. Ndiye anayeniingiza kwenye sherehe, ananishika mkono hadi mbele, kisha anakaa karibu na Mama. Mama hana dada. Kamati walipendekeza Paskalia akae tu hapo, nafasi isionekane wazi. Nilishika kalamu niandike Paskalia. Sikuandika.

Sijakusamehe yote. Sitakudanganya, wewe umesoma barua zangu unanijua kuliko kamati nzima. Kuna mambo ya Baba bado yananichoma nikiyafikiria, na pengine nitakuuliza siku moja na wewe utanijibu vibaya. Lakini mwanamke aliyeishi na baba yangu ana jina kwetu, tangu nikiwa mdogo. Mimi ndiye niliyekataa kulitaja.

Rudi kama mama yangu mdogo. Nimeshamtumia mshereheshaji jina. Utanishika kwa mkono ulio mzima.

Mwanao,
Irene


Mikese
19 Desemba 2024

Kwako Irene,

Marahaba mwanangu. Nimemsomea Mwaisha barua yako, amelia kwenye unga wa chapati na wateja wamelalamika.

Sare yangu ishonwe ndefu, mguu huu sitaki watu wautazame kuliko bibi harusi. Kipimo cha bega kama cha mama yako, nilikuwa navaa sweta lake.

Na Fuso la Rogers sipandi tena. Kama mimi ni mama yako mdogo kweli, basi uje kunichukua wewe mwenyewe, mchana, kwa mlango wa mbele, watu wa Mikese wakiona. Nitakuwa nimekaa kibarazani.

Mama yako mdogo,
Mwanahawa